Gitaa la Laki na Nusu, na Hukumu Niliyoikosea

Hapa tumezoea kuhakiki vitabu. Leo naomba ruhusa nihakiki gitaa. Wala si gitaa la maana. Ni gitaa kavu la bei rahisi, lile linaloning'inia mlangoni mwa duka Kariakoo likiwa bado ndani ya nailoni yake, rangi ya chungwa katikati na nyeusi pembeni, mkanda wa bure umefungwa shingoni. Nililinunua kwa shilingi 150,000. Kwa mtu aliyepanga chumba cha kawaida kule Mbagala, hiyo ni hela ya kumlipa mwenye nyumba miezi mitatu. Kwa hiyo ninaposema "bei rahisi" tuelewane: ni rahisi ukutani pa muuzaji, si mfukoni mwa mnunuzi.

Nalihakiki kwa sababu niliwahi kutoa uhakiki mwingine kabla ya huu. Ule ulikuwa wa mdomo, nimekaa sebuleni kwa dada yangu, na ulikuwa wa uongo. Sikusema uongo kwa makusudi. Nilisoma vibaya.

Mpwa wangu alikuwa na miaka 13. Alimwona kijana mmoja akipiga gitaa kanisani kwao Mtoni, akarudi nyumbani na jambo kichwani. Akasumbua mwezi mzima. Mama yake akasema hana hela ya michezo. Mimi, mjomba mwenye kazi ya kalamu na malipo yanayokuja yanapotaka, nikajitia ukarimu. Nikaenda Kariakoo siku ya Jumamosi, ambayo ni siku mbaya ya kwenda Kariakoo, nikasimama mbele ya magitaa kama kumi na tano nisijue natazama nini. Muuzaji alinisoma haraka kuliko mimi nilivyowahi kusoma kitabu chochote. "Bosi wangu, hili ni orijino. Linatoka na begi, piki na nyuzi za akiba." Niliuliza swali moja tu: je, ipo rangi nyingine?

Wiki ya kwanza nyumba nzima ilijaa kelele. Binti alikuwa anajifunza kwenye simu ya mama yake, usiku, kifurushi kikiwepo. Wiki ya tatu vidole vyake vilikuwa na michirizi myekundu, na kila akijaribu kukamata F uso ulimkunjamana kama mtu aliyeng'atwa na siafu. Mwezi wa pili gitaa likahamia nyuma ya mlango. Dada aliponiuliza kulikoni, nilimjibu kwa ile sauti ya watu tuliopita chuo kikuu: "Mtoto hana kipaji cha muziki. Alivutiwa tu na yule kijana wa kanisani, sasa hamu imeisha." Binti alikuwa jikoni anaosha vyombo. Alisikia. Sufuria hazikugonga tena mpaka nilipoaga.

Ndiyo hukumu ninayotaka kuirudia leo.

Kadi za NIDA

Mwaka ukapita. Nilikuwa naandika makala kuhusu wanamuziki wanaopiga kwenye baa za Kinondoni mwisho wa wiki, na mmoja wao, mzee wa rithimu ambaye alikuwa kwenye bendi kabla mimi sijazaliwa, akakubali tukutane kwa dada kwa sababu ni jirani na anapoishi siku hizi. Tukampa shikamoo, akaletewa chai. Kabla sijafungua daftari akawa ameshaliona gitaa nyuma ya mlango. Mpiga gitaa halisi haombi ruhusa. Alilitoa, akalipuliza vumbi, akakaza nyuzi kwa sikio, akapiga kitu kidogo cha dansi pale chini karibu na kichwa cha gitaa. Kisha akapanda juu ya shingo, na uso wake ukabadilika.

"Nani anajifunzia hili?"

"Ni la huyu binti, mzee. Ila aliacha."

"Afadhali. Hata mimi ningeacha. Mwanangu, hili si gitaa, hii ni adhabu."

Akaomba kadi. Kadi zozote ngumu zilizomo ndani ya nyumba: za benki, za NIDA, leseni. Tukakusanya. Akahesabu zile chuma zinazokatiza shingo, ambazo wanamuziki huziita freti, mpaka ya 12, pale ambapo kwa kawaida pana nukta mbili. Akaanza kupenyeza kadi kati ya freti hiyo na uzi mnene kuliko zote. Moja ikaingia. Mbili, tatu, nne. Tano zikaingia, tena kwa raha.

Kipimo hicho ni kizuri kuliko kinavyoonekana, maana kadi hizi zote hutengenezwa kwa vipimo vya kimataifa na unene wake ni milimita 0.76. Kadi tatu ni kama milimita 2.3. Hapo ndipo gitaa kavu la nyuzi za chuma linapotakiwa kuwa, juu kidogo au chini kidogo. Ya nne ikikwama, unaweza kuvumilia. Tano zikipita, kila mara unapobonyeza uzi unafanya kazi ambayo hukuiombea: unauvuta uzi umbali mrefu mno, kidole kinaumia, na kibaya zaidi, uzi unapovutwa sana sauti yake inapanda. Yaani mtoto anabonyeza mahali sahihi, anaumia, halafu anasikia sauti isiyo sahihi. Anajilaumu. Kwa nini asijilaumu? Na mjomba wake msomi yuko sebuleni anamlaumu pia.

Mpwa wangu alikuwa amesimama mlangoni wakati kadi ya tano inaingia. Hakusema kitu kwa muda. Kisha akauliza, si mimi, alimuuliza mzee: "Kwa hiyo babu, sikuwa mimi?"

"Hukuwa wewe, mjukuu wangu."

Karatasi mbaya na kurasa zilizopungua

Tangu siku ile nimekuwa nikizunguka na kadi tano na futi ya fundi cherehani mfukoni. Nimeingia maduka ya Kariakoo, nimepita Tandika na Mbagala Rangi Tatu, nimeangalia magitaa ya mitumba yanayouzwa Mwananyamala na Magomeni na watu waliokwama kifedha. Wauzaji wengine wamenifukuza kwa upole, wengine bila upole. Nilichojifunza nitakieleza kwa lugha yetu ya vitabu, maana ndiyo ninayoiweza.

Wengi wetu tulifundishwa sekondari kuchambua kazi kwa fani na maudhui. Kwenye gitaa la bei rahisi, kosa la kwanza la mhakiki ni kudhani kila upungufu ni wa daraja moja. Hapana. Kuna kitabu kilichochapwa kwenye karatasi mbaya, na kuna kitabu chenye kurasa zilizopungua. Ni vitu viwili tofauti kabisa.

Kizazi cha wazazi wetu kilisoma riwaya za Elvis Musiba na Ben Mtobwa katika vitabu vyepesi, vya kushika kwenye basi, vinavyopita mkono kwa mkono mpaka jalada linang'oka. Wapo wasomi waliovidharau. Lakini Willy Gamba aliwafanya watu wasome, na hadithi ilikuwamo yote, mwanzo mpaka mwisho. Karatasi mbaya haikumzuia mtu kufika ukurasa wa mwisho. Ungempa msomaji huyohuyo kitabu kizuri kilichokosa kurasa 40 za katikati, angeacha kusoma, na wewe ungesema Watanzania hawapendi kusoma.

Sasa angalia gitaa. Rangi iliyomwagwa nene mpaka inaziba sauti: karatasi mbaya. Mbao za tabaka badala ya mbao nzima: karatasi mbaya, na nitairudia hoja hii. Vifunguo vya kukazia nyuzi vinavyolegea: karatasi mbaya, vinabadilishwa. Ncha za freti zinazokwaruza kiganja: zinapigwa tupa, kazi ya jioni moja. Nyuzi zilizo juu mno: mara nyingi ni karatasi mbaya pia, kwa sababu kipande kile cheupe cha plastiki ambacho nyuzi zinalala juu yake pale darajani kinaweza kusuguliwa kikashuka. Hesabu yake ni rahisi: ukipunguza milimita mbili pale, nyuzi zinashuka milimita moja kwenye freti ya 12.

Kurasa zilizopungua ni nyingine. Freti ya 12 inatakiwa igawe uzi katikati. Ukibonyeza hapo unapata sauti ileile ya uzi mtupu, ila imepanda oktavu moja. Kwa sababu kubonyeza kwenyewe kunapandisha sauti kidogo, mafundi wazuri huliweka daraja nyuma milimita mbili tatu hivi kufidia. Kwa hiyo chukua futi. Pima kutoka pale nyuzi zinapotokea kwenye kichwa mpaka freti ya 12. Kisha pima kutoka freti ya 12 mpaka zinapolala darajani. Kipimo cha pili kinapaswa kuwa kikubwa kidogo. Kikiwa sawasawa, anza kushuku. Kikiwa kidogo kuliko cha kwanza, rudisha gitaa ukutani, mshukuru muuzaji, ondoka. Gitaa hilo litasema uongo maisha yake yote, na hakuna tupa itakayolirekebisha isipokuwa kubandua daraja lote na kulibandika upya.

La mpwa wangu lilisoma milimita 325 kwenda juu na 323 kushuka.

Shingo iliyopinda kama upinde ni ukurasa uliopungua kama ndani yake hakuna kile chuma cha kukaza na kulegeza. Vilevile daraja lililoanza kunyanyuka nyuma. Hili la pili mara nyingi si kosa la kiwanda, ni letu. Tunanunua gitaa lililotengenezwa kwa nyuzi za nailoni, tunaliona lina sauti ya upole, tunalifunga nyuzi za chuma ili lilie. Nyuzi sita za nailoni huvuta kwa nguvu ya kilo 40 hivi. Za chuma, hata zile nyepesi, huvuta zaidi ya kilo 70. Ubao hausomi nia yako; unanyanyuka tu.

Wahakiki wa mbali

Baada ya yule mzee kuondoka nilifanya ambacho mwandishi wa habari yeyote angefanya. Nilikaa usiku nikasoma na kutazama wahakiki wa magitaa wa Ulaya na Marekani. Wanajua mambo yao, siwezi kuwadharau. Lakini "gitaa la bei nafuu" kwao ni la chini ya dola 300, yaani zaidi ya laki saba kwetu. Na karibu wote wanakazania jambo moja: usinunue mbao za tabaka, tafuta lenye uso wa mbao nzima, maana mbao nzima hutetemeka vizuri na sauti yake inakua kadiri miaka inavyokwenda.

Ni kweli. Ila ni kweli ya mahali fulani. Watengenezaji wenyewe wanashauri gitaa la mbao nzima likae kwenye hewa yenye unyevu wa asilimia 45 hadi 55. Wewe unayeishi Mbagala au Mwananyamala unaijua hewa yetu. Wakati wa masika, Machi mpaka Mei, chumvi inalowa ndani ya kopo, viatu vya ngozi vinaota ukungu kabatini. Mbao nzima katika hewa hiyo huvimba, uso unatuna, nyuzi zinapanda juu, na lile gitaa la laki saba linaanza kuomba kadi ya tano. Mbao za tabaka, zilizogundishwa nyuzi zake zikikatizana, hazijali sana. Zinaimba kidogo, lakini zinastahimili. Yamaha F310 na C40, ambayo kwa miaka mingi wanafunzi wa sehemu nyingi za dunia wameanzia, yote yana uso wa mbao za tabaka, na hakuna anayeyaita takataka, kwa sababu freti na daraja viko panapostahili.

Kwa hiyo tusikopeshane vipimo bila kuvichunguza. Euphrase Kezilahabi alipochapisha *Kichomi* mwaka 1974, wapo waliokipima kwa vina na mizani wakakiona pungufu. Kipimo chao hakikuwa kibaya. Kilikuwa cha kazi nyingine. Mimi ningemwambia mtu wa Temeke anayenunua gitaa la kwanza: sahau ubao, pima shingo. Fedha yako iende kwenye usahihi, si kwenye uzuri wa mti. Mtu akikuonyesha mawili ya bei moja, moja linang'aa na lina nakshi kuzunguka tundu, jingine limepauka lakini kadi ya nne inakwama na futi inasema kweli, chukua lililopauka.

Lakini wazee walipiga galatoni

Kila nikieleza haya kuna mtu ananijibu, na jibu lake ni la haki, kwa hiyo nalijibu hapa. Anasema: mbona wazee walipiga magitaa mabovu kuliko haya na wakatuachia muziki? Wanaongezea na methali, kwamba asiyejua kucheza husingizia uwanja.

Wazee wa muziki wa dansi bado wakilitaja gitaa kavu husema "galatoni". Neno limetoka kwenye Gallotone, jina la kampuni ya Gallo ya Afrika Kusini iliyouza santuri na pia magitaa ya bei rahisi yaliyosambaa kusini na mashariki ya Afrika. Wala hayakuishia kwetu. Tarehe 6 Julai 1957, pale Woolton, Liverpool, siku John Lennon alipokutana na Paul McCartney kwa mara ya kwanza, gitaa aliloshika Lennon lilikuwa Gallotone Champion, na ndani ya tundu lake palikuwa na karatasi ya kuhakikisha kwamba halitapasuka. Watu wa Gallo walijua soko lao: hawakuahidi sauti tamu, waliahidi mbao zitashikana. Mwaka 1999 gitaa lile liliuzwa mnadani London kwa zaidi ya pauni 100,000. Galatoni!

Na sisi tunao wetu. Mwaka 1952 Hugh Tracey alimkuta Mwenda Jean-Bosco pale Jadotville, Katanga, mji unaoitwa leo Likasi, akamrekodi. Mpaka leo wapiga gitaa wa Ulaya wanahangaika kufuata vidole vyake kwenye "Masanga". Magharibi mwa Kenya George Mukabi, aliyefariki mwaka 1963, alikuwa na gitaa moja kavu na mdundo wa chupa ya soda, na akaanzisha njia ambayo wengine waliifuata. Hapo hapajakuwa na mbao za anasa.

Kwa hiyo ndiyo, sanaa kubwa hutoka kwenye vyombo duni. Sibishani. Ninachobishania ni hesabu. Tunawajua Bosco na Mukabi kwa sababu walifika. Hatuna santuri ya kijana wa Likasi aliyebandikiwa daraja milimita mbili mbele, akajaribu wiki tatu, akaambiwa hana sikio, akaenda mgodini. Hatuna wimbo wa binti wa Morogoro aliyevimba vidole. Historia ya muziki wetu imeandikwa na wale walioyashinda magitaa yao, halafu sisi tunaisoma kama ushahidi kwamba magitaa hayakuwa na tatizo. Na methali ya uwanja ni tamu, lakini kuna viwanja ambavyo kweli ni vibovu, na mtu wa kwanza kujua ni yule anayeteguka mguu.

Hapa ndipo ninapoona uhakiki una kazi. Mwanamuziki mzoefu anajua gitaa baya ndani ya dakika moja. Yeye hahitaji mhakiki. Anayehitaji ni yule asiyejua, ambaye hana namna ya kutenganisha upungufu wa chombo na upungufu wake mwenyewe. Kwa anayeanza, vyote viwili vinasikika sawa. Gitaa la bei rahisi linauzwa kwa mtu ambaye ndiye hana uwezo kabisa wa kulihukumu. Kwa hiyo linamhukumu yeye.

Mfupa wa muuza supu

Tulilitengeneza. Mzee wa rithimu alisema plastiki ile ya darajani ni tupu ndani, haifai hata kusuguliwa, tutafute mfupa. Nikaenda kwa muuza supu, nikaomba mfupa mnene wa paja, akanitazama vibaya, akanipa. Dada akauchemsha mara mbili kutoa mafuta, ukaanikwa juani siku nne, paka wa jirani wakafanya mkutano. Kisha tukabeba mfupa na gitaa mpaka Keko, kwa fundi seremala anayetengeneza vitanda na makabati. Hajawahi kugusa gitaa maishani. Lakini mtu anayeweza kufanya droo ifunge bila kukwaruza anaelewa nusu milimita. Alikata, akasugua, akaweka, mzee akatikisa kichwa, akatoa, akasugua tena. Chuma cha ndani ya shingo nacho kilikuwepo, kikakazwa robo mzunguko. Fundi alichukua 10,000. Nyuzi mpya 15,000. Mfupa bure.

Kadi tatu sasa zinapita. Ya nne inakwama.

Je, limekuwa gitaa zuri? Hapana, na sitaki kumalizia na muujiza. Freti tano za mwanzo zinasema kweli sasa, na hapo ndipo nyimbo nyingi za mtu anayeanza zinapoishi. Ukipanda juu, kuanzia ya saba, zile milimita mbili zinaanza kusikika, na ukifika ya 12 mbwa wa jirani anajibu. Kurasa za mwanzo zimerudi zote. Za mwisho hazitarudi. Kwa jumla tumetumia 175,000, na kwa hela hiyo, kama ningekwenda Kariakoo na kadi zangu na futi siku ile ya Jumamosi, ninaamini ningepata kitabu kizima.

Wakati fundi anasugua mfupa, niliokota pembeni ya benchi kipande cheusi, kizito kama chuma. Mpingo. Mtu alikuwa ameagiza vishikio vya milango. Mti huo hukua kwetu, Kilwa na kwingineko kusini. Mwaka 2009 baadhi ya vijiji vya Kilwa vilipata cheti cha FSC kwa misitu ya asili wanayoisimamia wenyewe, na mpingo ndio mali yao kubwa. Wachonga vinyago wa Mwenge wanaujua. Watengenezaji wa klarineti na oboe wa Ulaya wanaujua zaidi, maana hawajapata mti unaouzidi kwa kazi hiyo. Mbao za muziki zinaondoka hapa bandarini, na mbao za tabaka zinaingia kwenye bandari ileile ndani ya makontena, kutoka viwanda vya China ambako wilaya moja tu ya Zheng'an, mkoani Guizhou, hutengeneza mamilioni ya magitaa kwa mwaka. Sisemi kila seremala wa Keko awe mtengeneza magitaa. Ninasema tu kwamba mkono wa kurekebisha upo, mfupa upo, mpingo upo. Kinachokosekana ni mtu wa kumwambia mnunuzi kwamba kile anachokisikia si yeye.

Mpwa wangu sasa yuko kidato cha pili. Anacheza netiboli, ana mitihani, ana mambo yake. Gitaa analichukua Jumamosi baada ya kufua, nusu saa, siku nyingine saa nzima. F anaikamata. Sijui kama ana kipaji. Nimejifunza kutokuwa na haraka na neno hilo. Nilimwomba msamaha, mbele ya mama yake, sebuleni palepale. Akanitazama kama watoto wa siku hizi wanavyotutazama.

"Mjomba, yaishe. Ila siku nyingine ukininunulia kitu, niende na mimi."

Tutakwenda wote. Kadi atabeba yeye.